Upanga wa mazoezi wa mikono miwili: unavyochakaa, ulipovunjika, na unamfaa nani

Upanga ninaoutathmini hapa ni upanga butu wa mikono miwili, wa aina ambayo wanaofanya mazoezi ya mapigano ya kihistoria ya Ulaya huiita feda. Umefuliwa na karakana ndogo ya Ulaya ya Kati ambayo sitaitaja jina, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeiona katika mapanga yake machache tu, na mwenye karakana aliishughulikia kwa uungwana. Urefu wake wote ni sentimita 133, uzito wake kilo 1.45, na nilipoununua bei yake ilikuwa euro 340 pamoja na gharama za kuusafirisha. Nimeutumia kwa misimu kadhaa katika klabu yetu hapa Ujerumani, katika mazoezi ya polepole na katika mapambano ya kasi kamili, na ninaandika baada ya bapa lake la kwanza kuvunjika na bapa la pili kukaa mikononi mwangu kiasi cha kunitosha kulijua.

Umbo la upanga huu si ubunifu wa leo. Picha zilizomo katika kitabu cha mapigano cha Joachim Meyer, kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1570, zinaonyesha mapanga ya mazoezi yenye bapa jembamba ambalo hupanuka ghafla pande zote mbili karibu na kinga ya mkono. Upana huo una kazi yake. Chuma kingi hukaa karibu na mkono na ncha ikabaki nyepesi, hivyo pigo linapotua kichwani mwa mwenzako halishuki na uzito wote wa upanga, na unapomchoma kifuani bapa hupinda badala ya kuendelea mbele. Mafundi wa karne ya 16 walitatua tatizo lile lile linalotukabili sisi, yaani jinsi ya kupigana kwa dhati na mtu unayetaka kumkuta mzima mazoezini wiki inayofuata.

Kupinda huko kunaweza kupimwa nyumbani, na ningependa kila mnunuzi afanye kipimo hicho kabla upanga haujagusa mwili wa mtu. Weka sakafuni mizani ya kupimia uzito wa mwili, simamisha upanga wima ncha ikiwa juu ya mizani, kisha kandamiza taratibu kutoka kwenye kitako cha mpini mpaka bapa lipinde, ukisoma kiwango cha juu kabisa ambacho mizani inafikia. Upanga huu unapinda ukifika kilo 10 na kitu. Kwa maoni yangu hicho ni kiwango kizuri, kwani upanga unaohitaji zaidi ya kilo 15 nisingeukubali kifuani mwa mwenzangu hata akiwa amevaa koti nene, na ule unaopinda kwa kilo chache mno huyumba hewani na kugeuka kiboko. Ncha yenyewe imekunjwa kurudi nyuma badala ya kukatwa tu, na juu yake tunafunga kipande cha mpira chenye rangi kali kwa utepe wa gundi. Rangi hiyo haikuwekwa kwa mapambo: mpira ukitoboka, chuma huonekana mara moja hata mwamuzi akiwa mbali.

Makali ndiyo sehemu inayochakaa waziwazi, na hapo sina malalamiko. Yana unene wa milimita 2.5 karibu na kinga ya mkono na hayapungui milimita 2 popote, nami nimeyapima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Mwenye karakana anasema chuma ni 51CrV4, chuma cha springi chenye kromiamu na vanadiamu, kilichotiwa ugumu wa karibu 50 kwa kipimo cha Rockwell, yaani kipimo cha ugumu wa chuma. Sina kifaa cha kuuthibitisha ugumu huo, lakini jinsi chuma kinavyopata mapengo inalingana na maelezo yake: mapengo ni mafupi na hayazami, na chuma kilichosukumwa hulala pembeni kama kibanzi chembamba badala ya kumeguka. Kibanzi hicho ndicho hukata glavu na ngozi. Kila baada ya mazoezi mimi hupitisha kitambaa cha pamba kwenye makali yote mawili, kutoka mpinini hadi nchani, na popote nyuzi za pamba zinaponasa na kubaki zikining'inia ndipo penye kazi. Kazi yenyewe ni kupiga tupa laini kufuata urefu wa upanga, kisha msasa. Usipige tupa kukatiza upana, kwa kuwa kila mchubuko unaokatiza bapa ni mlango wa ufa, na bapa linalopindishwa mara maelfu halihitaji mlango mkubwa.

Bapa la kwanza lilipata pia pindo dogo la kudumu upande mmoja, kama ilivyo kawaida kwa mtu ambaye huchoma zaidi kutoka upande wake wa kulia. Pindo lililo refu na la taratibu hunyooshwa kwa mkono na upanga ukaendelea na kazi. Pindo linalofanya kona mahali pamoja ni habari nyingine, na upanga wenye kona ya namna hiyo unapaswa kuwekwa kando hata kama ufa hauonekani. Ngozi ya mpini ilichakaa haraka kuliko nilivyotarajia na jasho likaingia chini yake, jambo ambalo wakati huo lilionekana kuwa la usumbufu tu.

Upanga ulivunjika katika zoezi la kawaida, wakati wa kupangua pigo la juu ambalo halikuwa na nguvu ya pekee. Haukuvunjika nchani, wala kwenye pengo lolote nililokuwa nikiliangalia. Ulikatika ndani ya mpini, pale bapa linapokwisha na kuanza ule ulimi mwembamba wa chuma unaopita katikati ya mbao mpaka kwenye kitako. Nilibaki nimeshika mpini na kitako, kinga ya mkono ikaanguka miguuni pangu, na bapa zima la karibu mita moja likaruka hadi ukutani. Hakuna aliyeumia. Mwalimu wetu ana kanuni ya muda mrefu kwamba wasiopigana wakae nyuma ya mstari na wawe wamevaa barakoa hata wakiwa wanapumzika, na siku hiyo kanuni hiyo ililipa.

Nililichunguza bapa lililokatika chini ya taa, na uso wa mkato ulikuwa na rangi mbili. Kuanzia kwenye kona moja kulikuwa na eneo la nusu mwezi, laini na lenye rangi ya kahawia ya kutu ya siku nyingi, lililokula karibu theluthi moja ya unene. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe, inayong'aa kama chuma kipya. Maana yake ni kwamba ufa ulianza zamani kwenye kona hiyo, ukaendelea kutembea kidogo kidogo kwa kila pigo huku jasho likiingia na kuutia kutu, mpaka chuma kilichosalia kikashindwa kubeba pigo la kawaida. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa chuma, na chanzo chake hapa kilionekana kwa macho: bega ambapo bapa linapungua kuwa ulimi lilikatwa kwa kona kali ya nyuzi 90, bila kuviringishwa. Fundi springi yeyote wa Mombasa au Dar es Salaam analijua jambo hili bila kuelezwa, kwa sababu springi ya lori hukatika mara nyingi kwenye tundu la bolti ya katikati, pale umbo linapobadilika ghafla na nguvu zote zikakusanyika. Tena chuma chenyewe ni ndugu wa kile ambacho wahunzi wetu hukifua kuwa sime na visu kutokana na springi za magari yaliyokwisha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba ukaguzi wetu wote, ule wa kitambaa, wa tupa na wa mizani, ulikuwa unaangalia mahali ambapo upanga huu ulikuwa imara. Makali yalichakaa hadharani na yangenipa onyo la miezi mingi. Ulimi ulichakaa gizani, chini ya ngozi na mbao, na onyo pekee lililokuwapo lilikuwa sauti. Nilipoulizia klabuni, mwenzangu mmoja alikumbuka kwamba katika wiki za mwisho upanga wangu ulikuwa ukitoa mtetemo wa puu badala ya mlio safi kila ulipogongwa kitako kwa kiganja. Sasa tunaugonga kila upanga namna hiyo kabla ya zoezi kuanza, ukumbi ukiwa kimya, na wenye kutetemeka haupigani siku hiyo.

Nilimwandikia mwenye karakana nikiambatanisha picha za mkato. Hakubishana. Alikiri kwamba mapanga ya kipindi hicho yalikatwa kwa mashine na bega halikuviringishwa, akatuma bapa jipya bila malipo, na akatuomba tuyafungue mapanga mengine ya karakana yake yaliyomo klabuni. Tulifungua nati za vitako, tukavua mbao, tukasafisha ulimi wa kila moja, kisha tukatumia ile dawa ya kutafutia nyufa inayouzwa katika maduka ya vifaa vya kuchomelea: unapuliza rangi nyekundu, unasubiri, unaifuta, halafu unapuliza unga mweupe, na rangi iliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari. Upanga mmoja ulichora mstari mwekundu mwembamba kwenye kona ile ile. Mwenye upanga huo alikuwa akijiandaa kwenda nao mashindanoni.

Bapa jipya nililiangalia kwanza begani kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Limeviringishwa vizuri, na mviringo wake umesuguliwa mpaka alama za mashine zikaisha. Uwezo wake wa kupinda ni ule ule, makali ni yale yale, na mpaka sasa dawa nyekundu haijachora kitu.

Wapo watakaouliza kama tahadhari hizi hazizidi kiasi kwa upanga usio na makali. Mchezo wa vitara wa kisasa ulilipa gharama kubwa kujifunza kwamba kuvunjika ndiko kunakoua. Mwezi Julai 1982, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Rome, kitara cha Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi kilivunjika wakati wa shambulio, na kipande kilichobaki kikapenya wavu wa barakoa ya Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1980, na kufika kwenye ubongo kupitia jicho. Smirnov alifariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo viwango vya barakoa, mavazi na chuma cha vitara vilipandishwa, na barakoa nyingi tunazovaa leo zimetokana na viwango hivyo. Hata hivyo barakoa hizo ziliundwa kwa ajili ya kitara chembamba cha nusu kilo. Namba 1600 N (yaani nguvu ya newton 1600) inayotajwa sana madukani hupima jinsi kitambaa cha kinga ya koo kinavyostahimili kuchomwa, wala haisemi chochote kuhusu pigo la upanga wa kilo moja na nusu kisogoni, ambako barakoa ya kawaida haina kitu isipokuwa mkanda. Anayenunua upanga huu atenge pia fedha za kinga ya kisogo, kinga ngumu ya koo na glavu nzito, kwani vidole ndivyo huumia mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote.

Nimeulizwa kama si afadhali kubaki na upanga wa nailoni. Kwa anayeanza, nailoni inatosha kujifunzia hatua na mapigo, na bei yake ni ndogo, lakini bapa lake hunata linapokutana na jingine badala ya kuteleza, na nimekwisha kuona la bei rahisi likikatika katika ukumbi usio na joto mwezi Januari. Mti nao huchanika vibanzi. Wajapani wanaocheza kendo hutumia fito nne za mianzi zilizofungwa pamoja, nao hukagua kila ufito kabla ya zoezi kwa sababu kibanzi kimoja cha mwanzi kinaweza kupita kwenye nondo za kofia. Hakuna kifaa kisichochakaa. Tofauti iko katika mahali kinapochakaa na kama mwenye nacho anaweza kupaona.

Kwa hiyo ninaupendekeza upanga huu, kwa sharti moja ambalo mnunuzi aliandike katika oda yake: uwe wa kitako kinachofungwa kwa nati. Karakana hiyo huuza pia toleo ambalo ulimi umegongwa na kutandazwa juu ya kitako mpaka hauwezi kufunguliwa tena. Toleo hilo linapendeza zaidi, halilegei, na linafanana zaidi na mapanga ya kale, lakini hulifungui bila kulikata, na ulimi wake hutauona mpaka siku utakapovunjika. Nati hulegea, nakiri, na inabidi kukazwa kwa spana karibu kila mwezi. Anayekwenda kuikaza aichukue nafasi hiyo kuvua mbao, kufuta jasho, kupaka mafuta mepesi ya mashine, na kupitisha ukucha taratibu kwenye zile kona mbili za bega.