Robinhood, Schwab au Fidelity: dalali gani hapotei soko likichafuka?

Haya, habari zenu ndugu zangu, hasa mliopo huku Marekani. Kila siku naulizwa, "Kaka, dalali gani wa hisa mtandaoni ana ada nafuu?" Jamani, hilo la ada lilishakwisha. Oktoba 2019 Charles Schwab waliifuta kamisheni yao ya dola 4.95 kwa hisa za Marekani. TD Ameritrade, E*Trade na Fidelity wakafuata mwezi huohuo. Robinhood wao hawakuwahi kutoza. Kwa hiyo mimi nauliza jingine: soko likichafuka, huyo dalali wako anapatikana?

Tuanze na Robinhood, maana najua wengi wenu mnayo. Programu yao ni tamu, sibishi. Unagusa mara mbili tatu, umeshanunua kipande cha hisa kwa dola moja. Sasa sikilizeni. Jumatatu tarehe 2 Machi 2020, Dow, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, inapanda karibu pointi 1,300, Robinhood imezimika karibu siku nzima. Kesho yake ikagoma tena. Tarehe 9, soko linaporomoka, ikasumbua tena! Mtu anaziona hisa zake zinashuka kwenye televisheni na kuuza hawezi. Apige simu? Apige wapi, wakati huo msaada ulikuwa wa kuandikiana tu. Juni 2021 FINRA, wanaosimamia madalali, wakawapiga faini ya dola milioni 57, na juu yake wawalipe wateja fidia ya kama milioni 12.6. Oktoba mwaka huo ndipo wakaleta huduma ya simu ya saa 24: unaomba ndani ya programu, wao wanakupigia. Wamejirekebisha, haki yao tuwape.

Ila msidhani wakubwa hawaanguki. Tarehe 5 Agosti 2024, siku ambayo Nikkei, kipimo cha soko la hisa la Japani, ilishuka zaidi ya asilimia 12, wateja wa Schwab na Fidelity nao walilalamika kwamba hawaingii kwenye akaunti. Tofauti ni kwamba hawa wana namba ya simu, wana matawi, unaweza kuuza kwa mdomo. Foleni itakuwepo, lakini mlango wa pili upo.

Na dalali mwingine, Interactive Brokers? Wazuri kwa anayenunua hisa za nchi nyingi. Kwa anayeanza, ile skrini yao itamtoa jasho.

Na ile kinga ya hadi dola 500,000 ya SIPC, shirika linalolinda wateja wa madalali, msiichanganye na haya. Inahusu kampuni ikifilisika na mali ya wateja ikakosekana. Programu ikigoma ukapata hasara, haikuhusu.

Mimi pesa ya uzeeni ningeiweka Fidelity, Robinhood ibaki na ya kuchezea. Ukitaka kujaribu huduma, subiri siku soko limeamka vibaya, upige saa tatu na nusu asubuhi za New York, kengele ya kufungua soko inapolia. Hapo ndipo utajua wanapokea au wanakuwekea muziki.

Ukihama, Robinhood watakukata dola 100 ya kuhamisha akaunti; Fidelity hawatozi kutoka. Usiuze hisa ndipo uhame, zihamishe zilivyo, usije ukajiletea kodi bure. Na hakikisha jina limeandikwa sawasawa pande zote mbili. Sisi wenye majina matatu, huku "Juma" liko katikati, kule liko mwisho, maombi yanarudishwa.