Miezi saba katika nyumba ya kupanga yenye samani: malazi mazuri, makazi nusu

Kampuni inayotoa huduma hii hupangisha nyumba zilizokwisha kuwekewa samani, kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja unaoweza kurefushwa, na mpangaji huingia akiwa na nguo zake tu. Nimekaa katika mojawapo ya nyumba hizo kwa miezi saba, kwa sababu nilihamishwa kikazi kwa ghafla na sikuwa na muda wa kutafuta mahali kwa utulivu. Tangazo lao huahidi kwamba mteja atajiona yuko kwake tangu siku ya kwanza. Nimeamua kuipima huduma kwa ahadi hiyo, kwa kuwa mtu anayetafuta pa kuishi kwa miezi kadhaa ana mahitaji tofauti kabisa na yale ya msafiri wa usiku mbili.

Yaliyo mazuri niyaseme kwanza, na hayahitaji maneno mengi. Nyumba ilikuwa safi, maji na umeme havikukatika hata mara moja, kitanda kilikuwa imara, kitasa cha mlango kilifanya kazi, na amana yangu ilirudishwa yote siku chache baada ya kuondoka. Mtu aliyewahi kusumbuliwa kuhusu amana ataelewa kwa nini jambo hilo la mwisho nalihesabu kuwa zito.

Mwaka 1991, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza kwamba haki ya kuwa na makazi haitimizwi kwa kumpa mtu kuta nne na paa juu ya kichwa chake, bali ni haki ya kuishi mahali fulani kwa usalama, amani na heshima. Ilitaja mambo saba ya kuangaliwa: usalama wa umiliki au upangaji, huduma na miundombinu, gharama inayobebeka, ubora wa jengo lenyewe, uwezekano wa kufikiwa na kutumiwa na watu wa hali zote, mahali nyumba ilipo, na kufaa kwake kwa utamaduni wa mkaaji. Huduma hii inafaulu vizuri katika huduma za msingi, ubora wa jengo na mahali ilipo. Inayumba katika usalama wa upangaji, kwa kuwa kampuni inaweza kukataa kurefusha mkataba kwa taarifa ya siku kumi na nne bila kueleza sababu, na kila mwisho wa mwezi nilijikuta nikisubiri ujumbe wa uthibitisho kwenye simu kabla sijapanga lolote la mwezi unaofuata. Mtu hatulii mahali ambapo ruhusa yake ya kuwapo humalizika kila baada ya siku thelathini.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko mizani yoyote. Kutokana na kulala tumepata malazi, na kutokana na kukaa tumepata makao na makazi. Neno maskani limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutulia, kuacha kwenda huku na huko. Tunapomuuliza mtu anakaa wapi, hatuulizi kitanda chake kiko wapi, tunauliza mahali anapopatikana na mambo yake yote yanapoanzia na kurudia. Kwa miezi yote saba nilijisikia nikiwaambia wenzangu kazini kwamba narudi kule ninakolala. Neno “kwangu” halikunitoka mdomoni, ingawa sikuwa na mahali pengine.

Nimefikiri sana kwa nini, na jibu nimelipata katika mambo madogo. Wiki ya pili nilisogeza meza hadi dirishani, kwa kuwa mwanga wa asubuhi uliingia upande ule na mimi huandika asubuhi. Wahudumu wa usafi, ambao huja kila wiki mpangaji apende asipende, waliirudisha ilipokuwa. Nikaisogeza tena, wakairudisha tena, bila ubaya wowote, kwa kuwa wana picha ya jinsi chumba kinavyopaswa kuwa na kazi yao ni kukirudisha kifanane na picha hiyo. Mwezi wa tatu bawaba ya kabati la jikoni ililegea, nami nikaikaza kwa bisibisi katika muda wa dakika mbili. Nilipomtajia msimamizi, nilipokea onyo la maandishi kwamba wapangaji hawaruhusiwi kugusa kitu chochote kinachohitaji fundi, na kesho yake akaja fundi kukaza bawaba iliyokwisha kukazwa. Ukuta hauruhusiwi msumari wala gundi. Mlango una nambari tu, na kuweka jina ni kosa chini ya mkataba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkemea mgeni mvivu, lakini mimi naisoma pia kwa upande wa mgeni mwenyewe, kwa maana aliyepewa jembe ameingizwa katika shughuli za nyumba, ana sehemu yake ya kutunza, na kuanzia siku hiyo si mgeni tena. Huduma hii humnyima mpangaji jembe kwa makusudi na kuliita jambo hilo starehe. Mwaka 1951, Ujerumani ikiwa bado na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya vita, mwanafalsafa Martin Heidegger alitoa mhadhara mjini Darmstadt akidai kwamba tatizo la makazi ni la zamani kuliko uhaba ule, na kwamba kiini cha kukaa mahali ni kutunza. Sikubaliani na kila alichokiandika, lakini katika hili naona aligusa ukweli ambao bawaba ile ilinifundisha upya: nilikuwa tayari kuitunza nyumba, na nyumba haikuruhusiwa kutunzwa nami.

Kuhusu majirani, sina mengi. Nilikutana na watu ngazini, tukasalimiana, na baada ya wiki chache walikuwa wengine. Mmoja tu, aliyekuwa amekaa muda mrefu kama mimi, alifika hatua ya kunigongea mlango siku aliponiona sijatoka kwa siku mbili. Nilikuwa na homa. Ujio wake ule ndio uliokaribia zaidi ile ahadi ya tangazo, na kampuni haikuhusika nao.

Naelewa sababu za kampuni. Nyumba inayofanana na picha yake inaweza kupangishwa tena siku ile ile mpangaji anapoondoka, na msumari mmoja leo ni ukuta wa kupakwa rangi kesho. Kwa anayekaa wiki tatu, masharti haya hayaumizi hata kidogo, na kwa mtu huyo ninaipendekeza huduma bila kusita. Anayekuja kwa nusu mwaka au zaidi, hasa akiwa na watoto, atafute nyumba tupu yenye mkataba wa mwaka, hata ikimlazimu kulala sakafuni wiki ya kwanza.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Nilipoondoka niliwaandikia barua yenye maombi matatu, yote yakimhusu mpangaji aliyemaliza miezi mitatu: aruhusiwe kupanga samani apendavyo, aruhusiwe kuandika jina lake mlangoni, na awe na hiari ya kufanya usafi mwenyewe. Walijibu kwa heshima kwamba ombi la samani linafikiriwa. Wakilikubali, nitarudi hapa kuongeza nyota ya nne.