TAHADHARI kwa wenye harusi Mombasa: jamaa wa "ukumbi na taarab bei moja" ametula 105,000

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Nimengoja harusi ipite kwanza ndo niandike, sikutaka maneno yafike kwa wakwe kabla ya siku yenyewe. Imepita alhamdulillah, sasa nasema.

Kuna jamaa huku mtandaoni anajiita ajenti wa harusi. Anakupa ukumbi wa Nyali karibu na bahari pamoja na kikundi cha taarab laivu, yote bei moja, wewe kazi yako ni kuja na bibi harusi tu. Jina lake siliandiki kwa sababu halina faida, kwetu alikuja na jina moja na familia ya Kisauni tuliokuja kujuana nao baadaye aliwaendea na jingine, nikiwapa la kwetu mtakaa mwalitafuta hilo hilo na mwenzenu yuko kwa la tatu. Wacha niwaeleze tu anavyofanya kazi.

Harusi ni ya mdogo wangu, wa mwisho kwetu. Nikahi msikitini haikutupa taabu, taabu ilikuwa usiku wa kina mama, kupamba. Mamangu alikataa DJ katakata. Alisema yeye alitolewa kwa udi, ile ala ya nyuzi, na mwanawe wa mwisho hatoki nyumbani kwa flashi. Na wajua mama akishasema hivyo hakuna kamati itakayomgeuza. Bas nikapewa mimi kazi ya kutafuta taarab, na ukumbi, na tarehe yenyewe ilikuwa mfungo mosi. Wenyeji mwajua mfungo mosi Mombasa, ikipita Idi tu kila nyumba ina harusi, kumbi zimejaa, wapigaji wamejaa, hata meza za kukodi hupati. Nilipiga simu kumbi kama saba hivi zote wananiambia mwanangu umechelewa.

Hapo ndo nikamuona huyu. "Tarehe chache za mfungo mosi zimebaki." Nikamuandikia saa tatu usiku, hata dakika mbili hazikufika amejibu. Ana adabu hio, dada shikamoo, dada inshallah, dada usijali. Bei 185,000, ukumbi na wapigaji 12 na maspika. Nilipaswa kushtuka pale pale. Siku hizi harusi nyingi huku kwetu ni kinanda, mwimbaji na ngoma ya dumbaki, wakizidi sana watu watano. Kikundi kamili chenye udi, ganuni, fidla na akordiani ni cha kutafuta kwa tochi, na ukikipata hakiji kwa bei ya kinanda. Lakini mtu ukiwa na shida akili hupumzika kidogo.

Akanitumia video. Wallahi ilikuwa nzuri, mama alitoa machozi. Fidla nne zimejipanga, ganuni mbele, mwimbaji mama mtu mzima ametulia kitini. Niliitazama mara kumi nisione kwamba pale chini pembeni pana kidoa cha ukungu kinachotembea na picha, yaani pale palikuwa na jina la kikundi chenyewe akalifuta. Baadaye shoga yangu mwenye watu Unguja aliiona tu akasema hawa ni wa kule, na hawajui hata kama wana harusi Nyali.

Sasa hapa pa ami yangu. Ami amekua enzi zile za marehemu Juma Bhalo na Zein l'Abdin, ukimuanzisha habari ya taarab kikombe cha kahawa kitapoa mkononi. Akasema mpigieni huyo ajenti nimsikize. Tukampigia, simu kwa spika. Ami akamuuliza swali moja tu, ganuni yenu ina nyuzi ngapi. Jamaa akasema sita, kama gitaa. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 jamani! Zinapangwa tatu tatu, hata mtoto akiitazama aona ile si gitaa. Ami akakata simu akasema huyu hajapata kuikaribia ganuni maishani mwake. Na sisi tukafanyaje? Tukamuona ami ndo mwenye maneno. Tukasema huyu ni ajenti si mpigaji, ajuaje nyuzi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Kilichotumaliza zaidi ni kuuona ukumbi. Hapa naomba msome polepole kwa sababu wengi hudhani ukishaufikia ukumbi kwa miguu yako umeshahakikisha. Alituambia tukutane getini saa nne asubuhi. Tukamkuta yuko, kanzu nyeupe, amwita mlinzi kwa jina, geti likafunguliwa. Tukaingia, mama akapima kwa hatua jukwaa litakaa wapi, tukapiga picha, tukaonyeshwa vyoo na jikoni, tukarudi nyumbani na raha zetu. Kumbe siku moja kabla alikwenda pale akasema yeye ni mteja na kesho ataleta watu wa kwao waangalie ukumbi. Wenye ukumbi walidhani yeye ni mtu wetu, sisi tukadhani yeye ni mtu wao. Alisimama katikati na hakuna upande uliouliza.

Jioni ile ile nikatuma arubuni 60,000. Nambari ya kulipia ilikuwa till ya duka la vipodozi. Nikamuuliza mbona duka, akasema ni la mke wangu dada, ofisi yaenda kwa hio. Risiti ikaja kwa WhatsApp, picha, ina muhuri wa buluu na sahihi na kila kitu. Wiki moja baadaye akataka 45,000 nyingine, leseni ya kelele na dizeli ya jenereta. Na hapa alikuwa mjanja, kwa sababu sheria ya kelele ipo kweli, kanuni za NEMA, wale wa mazingira, za 2009, na usiku masharti yake ni makali zaidi ya mchana, so ukimuuliza mtu yeyote atakwambia naam, kibali chahitajika. Uongo wake aliutia ndani ya jambo la kweli. Hio ya pili ilikwenda kwa nambari ya simu ya mtu, jina lililotokea kabla sijathibitisha ni la mwanamke mwingine kabisa, si wake wala si la yule wa duka. Nikabonyeza tu.

Kila nikitaka kuonana na wapigaji kulikuwa na neno. Leo feri imekwama wako Likoni. Leo mwimbaji ana homa. Leo wana harusi Malindi. Nikitaka nambari ya kiongozi wao aniambia dada wasanii wakipigiwa na wateja hupandisha bei, acha nikusimamie mimi. Nikaona kweli ananijali!

Siku tisa kabla ya harusi mpambaji wetu akaenda ukumbini kupima vitambaa. Karani akafungua daftari. Tarehe yetu ina familia nyingine, wamelipa yote tangu Rajab. Mpambaji akatoa ile picha ya risiti, karani akacheka kwanza, halafu akaona huyu mwanamke anataka kulia akamletea maji. Risiti zao hutolewa kwa mashine na zina ile alama ya kuskani ya KRA, watu wa ushuru. Yetu ni ya kitabu cha kununua dukani. Na akamwambia, wewe ni wa pili wiki hii. Wa kwanza ndo hao wa Kisauni, tarehe ile ile, ukumbi ule ule.

Kumpigia jamaa, simu yaita haishikwi. Usiku nikaona profaili imeniblok.

Jinsi tulivyojiokoa nitaipita haraka. Khalati yangu ana uwanja Tudor, tukapiga turubai, mikeka na viti vya kukodi, na ami bila kumsimanga mtu (alisubiri harusi ipite ndo akasimanga) akaenda akamleta rafiki yake mzee mpiga udi, na kijana wa kinanda, wa dumbaki, na binti wa kuimba. Huyu mzee aliuliza maswali mengi kuliko sisi. Soketi iko mbali kiasi gani. Wanaume tutakaa wapi, pazia lishafungwa au tuje na letu. Mwataka nyimbo za kukaa kitako au chakacha ya kucheza, bibi harusi atoka saa ngapi, kina mama watatunza sana tuweke mtu wa kuokota pesa? Na mengine alikataa kabisa, alisema saa sita usiku mimi nafunga udi wangu, majirani wana watoto. Jumla 55,000, mwanzo akataka alfu 10 tu ya gari la kubebea vyombo, ilobaki apewe wakimaliza.

Nikirudisha mawazo nyuma, huyo tapeli hakutukatalia chochote. Chakula cha nje? Ruhusa. Simu zikusanywe mlangoni na walinzi wanawake? Wapo. Mpaka alfajiri? Hakuna shida dada. Ukumbi wa kweli una masharti, watakwambia mpishi wa nje hatutaki, au muziki mwisho saa fulani, au kikivunjwa kiti mwalipa, dizeli ni juu yenu. Mpigaji wa kweli naye ana masharti. Ukimpata mtu kila neno lako ni ndiyo, jua hana ukumbi wala udi wa kuulinda.

So ukienda kuangalia ukumbi usimfuate aliyekuleta, ingia ofisini peke yako, muombe karani akufungulie daftari uione tarehe yako na jina lako limeandikwa, na ulipe pale pale kwa nambari iliyo ukutani kwao. Kama kuna mtu katikati na anataka kamisheni yake, haki yake, lakini mpe kando. Wapigaji nao usiwaone kwa video tu. Nenda wakiwa na harusi nyingine au wanapofanyia mazoezi, au angalau mwambie kiongozi wao akupigie video kol sasa hivi ashike chombo chake akutajie jina lako na tarehe. Sekunde 30 tu. Wa kweli atacheka na afanye. Wa kwetu alisema ana homa.

Na jina linalotokea kwa M-Pesa kabla hujabonyeza lisome jamani. Likiwa si la ukumbi wala la unayezungumza naye, simamisha.

Kwa aliyetuma tayari na ni muda huu huu, ile meseji ya M-Pesa itume kwa 456 uombe irudishwe, lakini fanya upesi, sisi tulijaribu wiki kadhaa zimepita, pesa zilishatolewa siku ile ile. Nambari za utapeli zatumwa 333. Kituoni kwa polisi tumeandikisha, tuna nambari ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, na afisa alotuandikia alituomba tusifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanatia kichefuchefu, tuyahifadhi pamoja na meseji za M-Pesa. Kuna wengine walitwambia tuende korti ya madai madogo, na kweli ile ni nzuri, madai mpaka milioni 1, huhitaji wakili na sheria yataka kesi iishe kwa siku 60. Lakini utamshtaki nani? Jina lake hatulijui. Ndo maana nataka yule mwenye till ya vipodozi apatikane kwanza, maanake till haisajiliwi hewani, ina mwenyewe.

Na bado anafanya kazi. Juzi binamu yangu aliniletea skrinishoti, profaili mpya, picha ya maua na pete, video ile ile ya fidla nne ila safari hii ameigeuza, wapigaji wote wanapiga kwa mkono wa kushoto. Ukiona kikundi kizima cha taarab ni mashoto, ni yeye.

Tuko familia tatu sasa, sisi, wa Kisauni na wengine wa Mtwapa waliotupata wiki hii, wao walitoa 80,000. Jumatatu twarudi kituoni pamoja. Kama nawe ulitoa pesa, hata ikiwa ni alfu 5 ya kushikilia tarehe, niandikie uje na meseji zako kabla ya hapo. Na kama una harusi ya Desemba na umeambiwa tarehe chache zimebaki, Nyali, karibu na bahari, wapigaji 12, nenda kesho ukafunguliwe daftari.