Victoria 3: mageuzi ya Bunge tunayo, mfalme yuko wapi?

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo naichambua gemu ya kompyuta, Victoria 3 ya kampuni ya Paradox, ambamo unaongoza nchi ya karne ya 19, kwa swali moja: ukiishika Uingereza, unaweza kweli kuipindisha historia ya Bunge lake na nguvu ya taji?

Kwanza nisifie panapostahili. Humu sheria haipiti kwa kubonyeza kitufe tu. Kuna wenye ardhi, wenye viwanda, wasomi, wanajeshi, watu wa dini, vyama vya wafanyakazi, na uzito wa kila kundi unatokana na mali na watu wake. Jenga viwanda uone: matajiri wapya wanapata sauti, wenye ardhi wananuna, na ukiwabana sana wanakuasi. Hapo wamepatia kabisa, maana ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya 1832, Old Sarum, kilima kilichokimbiwa na watu, kilikuwa na wabunge 2, na Manchester yenye viwanda vyake vyote haikuwa na hata mmoja.

Kinachoniuma ni tarehe. Gemu inaanza 1836. Jamani, patamu pameshapita! Mei 1832 Malodi, yaani wajumbe wa baraza la juu la Bunge, waliukwamisha muswada wa kurekebisha viti na kura za Bunge, na Waziri Mkuu, Lodi Grey, akajiuzulu kwa sababu Mfalme William IV hakukubali kuteua malodi wapya wa kutosha kuupitisha. Mpinzani wa mageuzi, Duke wa Wellington, akajaribu kuunda serikali, ikamshinda, huku watu wakikimbilia benki kudai dhahabu ili kumbana. Mfalme akasalimu amri, Grey akarudi, na tarehe 7 Juni ikawa sheria. Sasa fikirieni mfalme angekaza shingo! Hiyo ndiyo historia ningetaka kuicheza, na haimo.

Hata baada ya hapo, mtawala wamempunguza mno. Ana itikadi yake na kundi lake, basi. Wakati William huyuhuyu alimwondoa Waziri Mkuu Melbourne mwaka 1834. Mwaka 1839 Malkia Victoria, aliyemrithi William, akakataa kubadilishiwa wanawake waliomhudumia kasrini, na Robert Peel, aliyetakiwa kuwa Waziri Mkuu, akaacha kuunda serikali. Isitoshe, hadi Victoria alipojifungua Novemba 1840, aliyefuata kwenye kiti ni ami yake Ernest Augustus, Mfalme wa Hanover huko Ujerumani, aliyeifuta katiba ya huko mwaka uleule alioshika ufalme. Yule kijana aliyemfyatulia Victoria bastola Juni 1840 angemuua, huyo ndiye angekuwa mfalme wa Waingereza. Hebu nipeni gemu ya hilo!

Je, uinunue? Kama unapenda kuona mshahara, bei ya nafaka na kura vinavyovutana, nunua bila kusita. Kama unataka njama za kasri, hapa hutashiba.

Ukianza, pigania kura kwa wote. Mwaka 1842 Wachatisti, wanaharakati wa wafanyakazi waliodai haki ya kura, walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni 3, likakataliwa. Atakayefanikiwa kabla ya 1850 aniandikie hapo chini: wenye ardhi uliwatulizaje?