GNU ddrescue kwa eksteno iliyoanguka: inachoweza na isichoweza

Eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia mafaili) ya studio ya harusi ikianguka pale Ngamiani, Tanga, pupa ya kwanza ni kuichomeka tena na kuwasha programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea. Pupa hiyo ndiyo inayoua diski. Vichwa vya kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka. Eksteno ikianguka huku inafanya kazi, vichwa hugonga sahani. Uhai uliobaki utumike kunakili. Kutafuta kutafuata baadaye, kwenye nakala.

Kwa kunakili huko hatujaona programu ya bure inayoishinda GNU ddrescue. Inachukua diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo. Ikikuta pabovu hairudii papo hapo kama kopi ya kawaida, bali huruka mbele, huzoa kwanza kinachosomeka kirahisi, kisha ndipo hurudi kwenye mabovu. Kila ilichofanya hukiandika kwenye faili la ramani. Umeme ukikatika usiku wa manane Chumbageni, unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Kwetu sifa hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Kabla ya yote, sikiliza. Ikigonga ta-ta-ta, vichwa havisomi. Ikilia mlio mwembamba bila kuzunguka, vichwa vimenata kwenye sahani au mota imekwama. Chomoa hapo hapo, kwa sababu ddrescue haitibu vichwa. Kazi hiyo inataka chumba chenye hewa iliyochujwa na vichwa vya diski nyingine ya modeli hiyohiyo. Meza ya fundi yenye vumbi na upepo wa bahari si mahali pa kufungua kifuniko. Friza nayo iacheni kabisa: diski ikitoka kwenye baridi hiyo na kukutana na joto la Tanga, inapata umande.

Ikizunguka vizuri na kompyuta ikaiona, washa laptopu kwa flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji wenye ddrescue ndani. Ukitumia Ubuntu, Linux ya kawaida, kifurushi cha kusakinisha kinaitwa gddrescue. Windows ikiomba kufomati, kataa, na usikubali chkdsk, programu yake ya kurekebisha diski, maana inaandika juu ya diski iliyojeruhiwa. Hakikisha jina la diski kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski. Hapa /dev/sdb ndiyo eksteno iliyoanguka, na /mnt/kopi ni diski ya kupokelea nakala. Halafu:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/kopi/disk.img /mnt/kopi/ramani

Hiyo -n huacha mabovu magumu kwa baadaye. Ikimaliza, rudia ukiweka -r3 mahali pa -n, ijaribu mabovu mara tatu. Kwa eksteno ya TB 1 tafuta diski ya kupokelea ya TB 2, isiwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la kuzidi GB 4. Kwenye USB 2.0, kwa MB 30 hivi kwa sekunde, hata diski isiyo na ubovu huchukua zaidi ya saa 9.

Kasoro zipo. Haina madirisha, ni maandishi matupu, na ukikosea jina la diski utapoteza siku nzima. Ikidai -f, simama na usome amri upya: inataka kuandika juu ya diski, si kwenye faili. Kero kubwa zaidi ni eksteno kuganda katikati. Makosa hupanda ghafla na programu huhesabu sehemu nzima kuwa mbovu wakati diski imenyamaza tu. Bonyeza Ctrl+C, chomoa, iache ipoe, rudisha, kisha ongeza -A ili zile sehemu zijaribiwe upya. Kuitoa diski kwenye kasha na kuiunga kwa waya wa SATA, ule wa diski za ndani ya kompyuta, husaidia, ila eksteno nyingi za WD (Western Digital) zina tundu la USB kwenye bodi ya diski yenyewe, kwa hiyo njia hiyo haipo.

Nakala ikipatikana, anza na TestDisk, programu ya kurudisha mgawanyo wa diski na mafaili, juu ya disk.img, si juu ya diski. PhotoRec, inayochimbua mafaili kwa aina zake, iwe ya mwisho. Picha inazitoa vizuri, bila majina yake, lakini video ndefu za harusi zilizohifadhiwa vipande vipande mara nyingi hutoka zikiwa hazichezi.