Kuja Nairobi mara ya kwanza: ulale mtaa gani, kuanzia ule ningekushauri kwanza

Ukiingia Airbnb ukaandika Nairobi, nyumba ya kwanza kukuvutia itakuwa na swimingi puli kwa rufu, taa za rangirangi sebuleni na bei ya kushangaza, na kabla hujalipa naomba sana uangalie ramani kwanza. Picha ni za nyumba, na wewe huji Nairobi kukaa ndani ya nyumba. Unakuja kliniki, unakuja graduesheni ya mtoto, unakuja kununua mzigo Eastleigh, ama unakuja tu kutembea uone twiga na jumba la KICC, na kila moja ya hizo shughuli iko upande wake wa jiji.

Kitu ambacho mgeni haambiwi ni vile matatu za huku zinavyotembea. Karibu zote zinaingia tao, yaani katikati ya jiji, na kutoka tao, kama spoku za baiskeli, kwa hivyo mitaa miwili inaweza kuwa karibu kabisa kwa ramani na bado ikabidi uingie katikati ya jiji, ushuke, utembee hadi steji nyingine upande wa pili, upande gari la pili. Hapo nauli imekuwa mara mbili, na kama ni jioni ama mvua imenyesha, makonda nao wamepandisha. Kwa hivyo sheria yangu ni moja: lala mahali ambapo gari moja tu linakufikisha kwa shughuli yako. Hata ukiwa mtu wa Uber ama Bolt bado sheria ni hio hio, juu jam ya kuvuka jiji saa kumi na moja jioni haijali umelipa shilingi ngapi.

Sasa nipange mitaa. Ni mpangilio wangu, mtu wa mtaa wa kifahari kama Kileleshwa anaweza kukasirika, ni sawa.

Ya kwanza kwangu ni South B na South C, na najua wengi hawakutarajia, juu kila mtu huambiwa Kilimani. Hii mitaa miwili imetenganishwa na Mombasa Road na iko karibu sana na tao. Ukishuka treni ya SGR pale Syokimau, ama ukitua uwanja wa ndege wa JKIA, unafika South C bila kupita katikati ya jiji kabisa, unakuja na Mombasa Road moja kwa moja. Kwa mtu anayeshuka na treni ya mchana kutoka Mombasa akafika giza limeshaingia, na mabegi, na mama mzee pembeni, hio peke yake inatosha. Wilson Airport iko hapo nyuma ya South C, kwa hivyo kama kesho yake unaenda Lamu ama Maasai Mara na ndege ndogo, utaamka saa za kawaida kama binadamu. Lango kubwa la Nairobi National Park liko Lang'ata Road, safari fupi tu.

Alafu kuna chakula. South C ina Waislamu wengi na Wasomali wengi, kwa hivyo halali haikusumbui hata kidogo: asubuhi unapata anjera na maini, chai ya maziwa imekolea tangawizi na iliki, mchana wali na mbuzi na ndizi moja imewekwa kando ya sahani. Kwa mtu wa Pwani ama Zanzibar mara yake ya kwanza bara, hio inamtuliza roho kuliko swimingi puli. Misikiti iko karibu, adhana utaisikia ukiwa kitandani. South B ni ya kawaida zaidi, vibandaski, yaani vibanda vya chakula, vya chapati na maharagwe, na Mater Hospital iko hapo hapo, kama mgonjwa wako amelazwa huko unatembea na miguu. Ubaya wake? Nyumba nyingi ni za zamani na hakuna mandhari ya kupiga picha. Na kama shughuli zako zote ziko Westlands ama Gigiri, usikae huku, utapitia tao kila siku na utachoka.

Ya pili ni Hurlingham na Kilimani. Hapa ndipo Airbnb zimejaa kuliko mahali pengine popote na mwenye nyumba akijua ushindani ni mkali anapunguza bei ukimuomba vizuri, hasa ukikaa wiki. Gari ni matatu namba 46, ile ya Kawangware, inapita Hurlingham na Yaya Centre, na upande wa Ngong Road una 111 na wenzake. Naweka Hurlingham mbele ya Kilimani makusudi. Ukikaa Hurlingham uko karibu na Nairobi Hospital, uko karibu na hospitali ya Kenyatta, na uko karibu na tao kiasi kwamba asubuhi njema isiyo na matope watu hutembea. Kama safari yako ni ya hospitali, usitafute kwingine. Najua familia moja ilimleta mjomba wao kliniki ya Kenyatta wakamweka Ruaka juu nyumba ilikuwa mpya na nafuu. Kliniki mtu anatakiwa afike mapema apange laini, sasa mzee wa watu alikuwa anaamshwa saa tisa usiku ili wavuke Limuru Road kabla magari hayajajaa. Pesa waliyookoa kwa nyumba iliishia kwa teksi yote.

Ndani kabisa ya Kilimani shida ni mbili. Moja ni ujenzi. Kila ploti iliyokuwa na nyumba moja na mti wa jacaranda sasa inapanda gorofa, na mafundi wanaanza kazi asubuhi na mapema, mashine ya kuchanganya zege inanguruma chini ya dirisha lako na vumbi linaingia hadi kwa kikombe. Ya pili ni klabu. Ijumaa na Jumamosi kuna barabara huko hulali kabla ya saa kumi alfajiri. Usiulize mwenye nyumba kama "mtaa umetulia" juu kila mtu atakujibu ndio. Soma maoni ya wageni waliolala wikendi, na umuulize wazi: jirani kuna ploti inajengwa? Baa iliyo karibu iko umbali gani? Akizunguka zunguka kwa jibu, umeshajibiwa.

Ya tatu ni Parklands, na nasema Parklands, sio Westlands. Ni mtaa wa Wahindi tangu zamani, miti mikubwa, barabara za kutembea, na chakula cha Diamond Plaza pale Highridge ambacho mimi nakipenda kuliko cha mahoteli makubwa, kuanzia bhajia hadi kuku wa tanduri. Hospitali ya Aga Khan iko huku, ya MP Shah iko huku. Nairobi Museum iko karibu, Karura pia si mbali kama unapenda kutembea msituni asubuhi, na kama kazi yako iko Westlands unafika na boda dakika chache. Westlands yenyewe ina maduka ya Sarit, ina maofisi, ina mahoteli ya kila bei isipokuwa ya chini, na usiku ina kelele. Kama kampuni inakulipia na mkutano uko hapo hapo, lala Westlands. Kama unajilipia, lala Parklands uende Westlands. Watu wa Gigiri, yaani mnaokuja UN ama ubalozi wa Marekani, nyinyi pia hapa panawafaa, juu kulala Gigiri kwenyewe ni pesa nyingi.

Kitu kingine cha upande huu ni ile Expressway, ya mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kutoka JKIA hadi Westlands inakupitisha juu ya jam yote, lakini ni ya kulipia na ukiwa na teksi hio pesa ya barabara ni juu yako, kwa hivyo kubalianeni na dereva kabla gari halijaondoka. Boda haziruhusiwi huko juu.

Ya nne, tao yenyewe. Watu wa Nairobi watakukataza wote na mimi nasema inategemea. Kuna tao mbili. Kuna ile ya juu, kati ya Uhuru Highway na Moi Avenue, yenye Nyayo House, City Market, msikiti wa Jamia na KICC. Na kuna ile ya chini, kuanzia Tom Mboya kuteremka River Road, ambako mabasi ya mbali mengi yanashukisha watu. Kama umekuja siku mbili kwa shughuli za pasipoti Nyayo House, hoteli ndogo ya tao ya juu ni chaguo zuri sana, unatembea kwa kila kitu na gari la kwenda popote linaanzia hapo. Sheria ya gari moja hapa inatimia kuliko mtaa wowote. Lojing'i za River Road ni rahisi, kweli, na wafanyabiashara wa kutoka mikoani wamelala huko miaka yote bila shida, lakini hao wanajua mlango gani na saa ngapi. Kwa mara ya kwanza, na simu mkononi ukitafuta njia, hapana. Shika simu ndani ya duka, sio kando ya barabara. Na mtu akikubebea begi kutoka kwa basi bila kumuomba, mwambie "asante ndugu, niache tu", ulichukue.

Eastleigh siwezi kuipa namba, juu ni ya watu wa aina moja: waliokuja kununua mzigo. Ukiwa umetoka Arusha ama Kampala kuchukua nguo, viatu, mapazia, lala huko huko, First Avenue na vichochoro vyake, kuna mahoteli juu ya maduka na utashusha mzigo kwa lifti hadi kwa gari. Mvua ikinyesha ni matope na maji yanasimama, beba viatu vya kufaa. Kama huna biashara huko, nenda mchana, ule, ununue, urudi.

Roysambu na Kasarani ndiyo ya tano. Ndiyo ya bei nafuu kati ya zile ningemwambia mgeni, chumba kizuri cha Mirema ama karibu na Thika Road Mall (TRM) kinaweza kuwa nusu ya bei ya Kilimani. Thika Road ni pana na matatu za 44 na 45 zinapita usiku na mchana. Kama unakuja mechi ama mkutano uwanja wa Kasarani, ama una mtoto chuo cha USIU ama Kenyatta University, hii inakuwa namba moja yako na usinisikize habari za South C. Lakini kwa utalii iko mbali na kila kitu, wanyama wako upande ule mwingine kabisa wa jiji, na mabaa ni mengi kwelikweli.

Karen na Lang'ata: pazuri, pametulia, ghali. Giraffe Centre, makumbusho ya Karen Blixen, na wale watoto wa ndovu wa Sheldrick wanaoonyeshwa saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uweke nafasi mapema. Bila gari lako Karen itakuchosha, kutoka geti hadi barabara ya matatu ni mwendo. Nenda siku moja, urudi ulale kwingine. Syokimau na Embakasi ni za usiku wa mwisho tu, ukiwa na ndege ama treni ya alfajiri.

Sasa ukishachagua mtaa, kabla ya kutuma pesa, andika hivi kwa mwenye nyumba: "Habari yako. Maji ni ya kanjo (ya mfereji wa jiji) ama ni ya kisima, na kuna tenki? Tokeni za stima ni zako ama zangu? Nikifika saa nne usiku nani ananifungulia geti?" Maji ya mfereji Nairobi yanakuja kwa zamu, mitaa mingi ni siku kadhaa kwa wiki, kwa hivyo jengo bila kisima wala tenki kubwa utaoga kwa ndoo, na hio ni hata mitaa ya kifahari kama Kileleshwa. Tokeni watu hugombania sana, mgeni anaingia usiku anakuta mita imebaki na yuniti mbili. Na geti, soja, yaani walinzi, wengi hawafungui kama jina lako halijaachwa, hata ukimuonyesha meseji kwa simu.

Mkija kati ya Juni na Agosti, haswa nyinyi wa Mombasa na Dar, ulizeni blanketi ni ngapi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Julai ni mawingu siku nzima na nyumba hazina hita. Shawa ya maji moto pia iulizie, na umwambie akutumie video inatoka mvuke, sio picha.

Na ulipie usiku mbili za kwanza tu. Siku ya kwanza amka, panda gari hadi kwa shughuli yako saa ile utakayokuwa unaenda kila siku, urudi jioni. Ukiona ni gari moja na hukuchoka, ongeza siku. Ukiona umeunganisha mara mbili, hama asubuhi inayofuata, wala usionee haya yule mwenye nyumba.