Mwani mkavu wa Zanzibar: mzuri ila lebo imenidanganya

Jamani nimenunua pakiti ya mwani mkavu kwa duka moja Mji Mkongwe, lebo inasema kotonii, aina moja ya mwani, nikalipa bila kubishana maana kotonii siku zote bei iko juu. Nimeuloweka usiku kucha, asubuhi nauangalia mh, hii si kotonii, hii ni aina nyingine, spinosamu kabisa! Spinosamu vimiiba vyake vinazunguka tawi kama pete, pingili kwa pingili, kotonii haina mpangilio huo, halafu ukikata tawi la spinosamu katikati unakuta kiini cha nyuzinyuzi. Zamani zote mbili zilikuwa jenasi moja (yaani kundi moja la spishi za karibu), Eucheuma, mpaka 1988 mtaalamu wa mwani Maxwell Doty akaihamishia kotonii kwenye jenasi ya Kappaphycus.

Na sio majina tu, jeli ya kotonii inakaza, ya spinosamu inabaki laini inavutika, sasa mimi nilitaka pudini isimame ikagoma. Kwa usafi nawapa hongera, mchanga hamna kabisa. Rangi ya kijani isiwatishe, bado ni wa kundi linaloitwa mwani mwekundu huo. Nyota tatu, warekebishe lebo tu nitarudi kununua.